Mbwa wetu kamng'ata mtoto bila hata kunguruma, tumuue?

Shikamoo Mjomba,

Naandika usiku huu watoto wamelala maana mchana nikianza tu kuandika nalia. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Goba hapa Dar, nyumba ina fensi ila upande wa nyuma haujaisha tumeziba na mabati. Tuna mbwa anaitwa Chui, chotara wa German Shepherd na hawa wetu wa kawaida, ana miaka mitatu, tulimchukua akiwa kadogo kanaenea kwenye ndoo. Mjomba, huyu Chui kamng'ata mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, alikuja kwetu likizo.

Nikueleze ilivyokuwa maana nilikuwepo, nilikuwa naanika nguo. Dada wa kazi alimwekea ugali na dagaa kwenye sufuria yake pale chini ya mwembe anapofungwa mnyororo. Watoto wanacheza mpira, mpira ukaenda ukasimama karibu na sufuria, mtoto akaufuata. Chui akaacha kula, akasimama tu, kichwa bado kiko juu ya sufuria, mdomo kaufunga. Nikamwona anajilamba pua mara mbili tatu nikajua ni utamu wa dagaa. Akageuza uso pembeni kama anaangalia ukuta ila jicho limebaki kwa mtoto mpaka ule weupe wake unaonekana. Na mkia ulikuwa juu anautikisa harakaharaka, ndo maana sikushtuka, nikasema huyu kafurahi anataka kucheza. Mtoto akainama kuokota mpira na hapohapo mkono uko mdomoni kwa mbwa. Hakunguruma, hakubweka, hakutoa onyo lolote.

Ana matundu mawili ya meno kwenye mkono chini ya kiwiko na mchubuko. Tumemwagia spiriti tukafunga kitambaa, jirani katuletea kitunguu saumu na chumvi tukapaka.

Kinachoniuma ni kwamba zamani Chui alikuwa na hiyo tabia ya kunguruma mtu akipita karibu na chakula chake, baba watoto akawa anamchapa na mpira wa maji kila akinguruma, kama miezi miwili hivi, akaacha kabisa. Tukafurahi tukasema ameshika adabu. Kumbe!

Halafu kuna mengine, anabweka usiku kucha majirani wanalalamika, anarukia watu, kuna mzee wetu anapita alfajiri kwenda msikitini siku moja geti lilikuwa wazi akamrukia akamchafulia kanzu akamlamba na mkono, niliona aibu sana. Kandambili zote anabeba. Juzi kaangusha sufuria ya maharage, tulivyomfokea akalaza masikio akaangalia chini, yaani anajua kabisa kosa lake ila anafanya makusudi.

Baba watoto anasema mbwa akishaonja damu ya mtu habadiliki, na kwamba tatizo nimemdekeza hajui bosi ni nani. Kuna jamaa ameahidi kuja na sumu Jumamosi. Nimemwomba asubiri mpaka nipate jibu lako. Wanangu hawali vizuri, wanampenda Chui. Mimi nampenda ila namwogopa sasa. Nisaidie.

Mama wa wawili, Goba

*

Marahaba mama, na pole sana, pole kwa mtoto na kwa dada yako pia.

Siku barua yako ilipofika nilikutumia meseji ya mtoto kwanza kabla sijagusa habari ya mbwa, na hapa nairudia kwa sababu wanaosoma nao wana watoto na wana mbwa. Jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 za kuangalia saa kabisa, halafu hospitali siku hiyohiyo. Hata kama ni katundu kamoja, hata kama mbwa ni wa nyumbani na ana kadi ya chanjo, mwache daktari ndo aamue. Kitunguu saumu na chumvi haviui kirusi cha kichaa cha mbwa na kukifunga kidonda vile kabla hakijaoshwa ni kumfungia adui ndani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa ya kumrudisha, karibu wote wanakufa, lakini ukiwahi sindano mapema hakikupati. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 wanakufa nacho kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15, watoto wa umri wa huyu wenu. Ulinijibu kwamba mmeshampeleka na ameanza sindano. Nashukuru. Msiruke tarehe hata moja hata kama kidonda kimekauka.

Na hiyo sumu ya Jumamosi naomba isije. Mbwa aliyeng'ata anafungiwa sehemu salama peke yake, anapewa maji na chakula, na anaangaliwa siku 10. Akimaliza siku 10 mzima, anakula, anakunywa, hajabadilika, basi siku anang'ata hakuwa na kirusi kwenye mate, na hilo daktari wa mtoto analihitaji sana kulijua. Ukimuua na kumfukia umefukia na hilo jibu. Mwite daktari wa mifugo aje amwone, na amkague mwili mzima, masikio yakiwa na kupe au uchafu ndani, meno, miguu, kwa sababu mbwa mwenye maumivu ni mwepesi sana kung'ata na mara nyingi tunahangaika na tabia kumbe ni jino. Kadi ya chanjo hukuitaja kwenye barua, kama mwaka umepita tangu achanjwe mwulize huyo daktari ni lini anaweza kuchanjwa tena baada ya siku 10 kuisha.

Sasa tuje kwa Chui mwenyewe.

Umeandika "hakutoa onyo lolote". Mama, nimeisoma barua yako mara tatu na onyo limo, tena umeliandika wewe mwenyewe moja baada ya jingine, maana wewe uliona vizuri kuliko watu wengi ninaowajibu. Ni kwamba tu hakuna aliyewahi kukuambia kwamba yale ni maneno.

Anza pale ulipoandika aliacha kula akasimama. Mbwa anayekula bila wasiwasi mwili wote unacheza, taya linaenda, mkia umelegea, masikio yanageuka huku na huku kwa kila sauti. Akikatisha tonge katikati akaganda kama kapigwa picha, mdomo umefungwa, kichwa kimebaki juu ya sufuria, hapo amekwisha kukuona na anakuambia usisogee. Kule kuganda kunaweza kuchukua sekunde moja tu au mbili, ni kufupi sana, lakini ukishajifunza kukuona hutaacha kukuona tena maisha yako yote.

Kujilamba pua haukuwa utamu wa dagaa. Mbwa mwenye wasiwasi anatoa ulimi harakaharaka anagusa pua anaurudisha, hata kama hakuna chakula karibu, na wengine wanapiga miayo wakati hawana usingizi, wanajikung'uta kama wametoka kwenye maji wakati ni wakavu, wananusa ardhi ghafla bila sababu. Kuna mwalimu mmoja wa mbwa wa Norway, mama anaitwa Turid Rugaas, alitumia miaka mingi kuangalia hizi ishara ndogondogo akaziita ishara za kutuliza, kwa sababu mbwa anazitumia kumwomba mwenzake ugomvi usiwepo. Kugeuza uso pembeni ni hivyohivyo. Chui alipoangalia ukuta alikuwa anamwambia yule mtoto "sitaki shari, nenda", na weupe wa jicho ulionekana kwa sababu kichwa kimegeuka lakini macho hayathubutu kumwachia anayemwogopa. Ukiona ule weupe kama mwezi mwandamo pembeni ya jicho, simama hapohapo ulipo, usiendelee hata hatua moja, mwite mtoto kwa sauti ya kawaida arudi nyuma taratibu.

Halafu mkia. Huu mkia umeng'atisha watu wengi sana. Tumekua tukiambiwa mbwa akitikisa mkia kafurahi, na hiyo ni nusu ya habari, mkia unasema tu kwamba mbwa amesisimka, kasisimka kwa lipi inabidi usome mwili mzima. Mbwa aliyefurahi anatikisa mpaka makalio, mwili unapinda kama samaki, mdomo wazi, mkia uko usawa wa mgongo au chini kidogo na unakwenda kwa mapana. Mkia uliosimama juu kama antena, mgumu, unatetemeka kwa kasi na kwa ufupi, juu ya mwili ulioganda, huo ni mkia wa mbwa ambaye yuko sekunde chache kabla ya kufanya jambo. Waitaliano fulani mwaka 2007 walipima hata upande, wakakuta mbwa akimwona mwenye wake mkia unalalia zaidi kulia kwake, akimwona mbwa mgeni mbabe unalalia kushoto. Hiyo ya kulia na kushoto kwa macho ya kawaida ni ngumu kuiona sikudanganyi, ila ya ugumu na ulegevu utaiona leoleo ukienda kumchungulia.

Kwa hiyo Chui alisema mara nne kabla ya kung'ata. Aliganda, alijilamba, aligeuza uso, alisimamisha mkia. Neno la tano ndo lilikosekana, lile la sauti, ambalo hata mtoto wa miaka sita angelielewa akakimbia.

Na hilo neno mlimnyang'anya nyie.

Naliandika hili kwa uchungu na simlaumu baba watoto maana alitaka kuwalinda wanawe, na karibu kila mwanaume ninayemjua angefanya vilevile. Lakini angalia kilichotokea. Mbwa alikuwa anaogopa kunyang'anywa chakula, kwa hiyo akawa ananguruma kusema mbaki mbali. Akachapwa. Ile hofu ya kunyang'anywa haikuondoka, tena ikaongezeka kwa sababu sasa mtu akikaribia sufuria kuna chakula kupotea na kuna mpira wa maji, kilichoondoka ni sauti peke yake. Ni kama lori linarudi nyuma uwanjani watoto wanacheza, ile honi yake ya kurudi nyuma inawakera watu, mtu akaenda akakata waya. Kimya kimepatikana, lori bado linarudi.

Mimi nililijua hili kwa mkono wangu. Mwaka 2006 nilikuwa na mbwa jike anaitwa Popi, akazaa, nikawa naingiza mkono bandani kuhesabu watoto na yeye ananguruma, mimi namkwapua kofi la pua kila akifanya hivyo, siku tatu nne hivi. Siku ya tano nikaingiza mkono kimya kabisa na yeye kimya kabisa, akanishika kiganja cha kushoto hapa chini ya dole gumba, alama bado ipo. Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe, kwa makofi yangu, kwamba kuniambia hakusaidii kitu.

Na sio mimi na wewe tu. Mwaka 2009 madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani walichapisha utafiti wa watu 140 waliowapeleka mbwa wao kwa matatizo ya tabia, wakawauliza wamejaribu nini nyumbani na mbwa alijibuje. Katika waliowahi kumpiga mbwa au kumpiga teke kwa kosa alilofanya, 43% walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Kwa hiyo kila fimbo ina hatari hiyo ndani yake, na anayeilipa mara nyingi ni aliye mfupi zaidi nyumbani.

Hilo la bosi nalo nilizungumzie maana baba watoto kalisikia sehemu na linasemwa kila kona. Limetoka kwenye habari za mbwa mwitu wa Ulaya na Marekani, wale Wazungu wanawaita wolf, kwamba wanapigana mpaka apatikane mkubwa wao, na aliyelisambaza sana ni mtafiti wa Marekani anaitwa David Mech kwenye kitabu chake cha 1970. Ila zile habari za mwanzo zilitoka kwa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, wasiojuana. Mech huyohuyo akaja kukaa miaka na mbwa mwitu walioko huru na mwaka 1999 akaandika wazi kwamba kundi lao ni familia tu, baba na mama na watoto wao, wakubwa wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Chui hashindani na mume wako nyumba ile ni ya nani. Anaogopa kukosa chakula.

Na kuonja damu pia sio kweli mama, mbwa hapati kiu ya damu ya mtu. Kinachomfanya arudie ni kwamba aliponguruma hakusikilizwa na aling'ata akafanikiwa, mtoto alikimbia, sufuria ikabaki. Hilo ndo somo alilopata na ndo tunalotakiwa kulifuta, na linafutika kwa kazi.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza siku 10 ziishe na daktari aseme yuko sawa. Muda wote huo na baada ya hapo Chui anakula ndani ya banda mlango umefungwa, au nyuma ya mabati, na watoto hawako uwanjani, sio kwamba wameambiwa wasisogee, hawapo. Sufuria inaondolewa akishatoka, haichukuliwi akiwa anakula. Kuna watu wanamnyang'anya mbwa chakula katikati ili azoee, tafadhali msifanye hivyo, mnamthibitishia tu kwamba hofu yake ni ya kweli.

Halafu wewe au baba watoto, mtu mzima peke yake, chemsha ini kata vipande vidogo kama punje ya mahindi. Chui anakula bandani, mlango umefungwa. Wewe unapita kwa nje umbali ambao anaendelea kula bila kuganda, tuseme hatua sita au nane, unamrushia kipande kiangukie karibu na sufuria na unaendelea kutembea, husimami, humwangalii usoni, humsemeshi. Unarudi tena, kipande kingine. Mara tano au sita kwa mlo mmoja basi, inatosha, nenda kafanye kazi zako. Siku tatu nne za hivyo, ukiona mwili bado umelegea, punguza hatua moja. Akiganda, akianza kula kwa pupa kama anafukuzwa, akikuonyesha ule weupe wa jicho, umewahi sana, rudi nyuma hatua mbili na kesho anzia huko. Unachosubiri ni siku atakapokusikia unakuja akanyanyua kichwa kutoka kwenye sufuria, mdomo wazi, mkia mpana, anakutafuta. Siku hiyo maana ya mtu anayekaribia chakula imegeuka kichwani mwake, zamani mtu alikuwa anakuja kuchukua na sasa anakuja kuongeza. Inaweza kuchukua wiki sita, inaweza kuchukua miezi minne. Watoto hawafanyi hili zoezi kabisa, hata mkubwa, hata akiomba.

Najua kuna watakaosema mbwa wa Kiswahili hafundishwi kwa ini, anafundishwa kwa kiboko. Nendeni Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, mkaulize habari za wale panya wa shirika la APOPO, panyabuku wetu hawahawa wa porini, wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa kasauti kadogo ka "tik" na kipande cha ndizi, basi. Mmoja wao Magawa alizaliwa hapohapo Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu zaidi ya 70 na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na Waingereza. Kama panya amefika huko kwa ndizi, mbwa aliyelala mlangoni kwako miaka mitatu anaweza kufika kwa ini.

Mnyororo ni jambo la pili na nalipa uzito uleule. Mbwa akiogopa ana njia mbili, kuondoka au kupigana, na mnyororo wa mita mbili unaikata ile ya kwanza. Yule mtoto alipomkaribia, Chui hakuwa na pa kwenda. Jenga banda na kauwanja kadogo kenye wavu ambako watoto hawaingii, humo awe bila mnyororo, na asubuhi kabla jua halijapanda mtu mzima amtoe kwa kamba nusu saa, amwache anuse, anuse kila nguzo na kila jani, kwa mbwa kunusa ni kama sisi kupiga stori barazani, anarudi ametulia. Kubweka usiku kutapungua kwa hilo peke yake. Msikilize lakini, akibweka mfululizo kwa sauti nzito kaelekea upande mmoja kuna kitu amesikia, akibweka mmoja mmoja kwa sauti nyembamba ananyamaza anarudia tena, huyo ni mpweke, na mbwa mpweke ukimfokea usiku umempa alichokuwa anakitafuta, mtu.

Kurukia watu kunaisha kama nyumba nzima mnakubaliana neno moja. Akiruka unageuka unampa mgongo, mikono kifuani, kimya, miguu yote minne ikigusa chini ndo anapata salamu. Akiwepo mmoja tu anayecheka na kumpapasa akiruka, kazi imeharibika. Kwa yule mzee wa msikitini nenda mwenyewe ukamwombe radhi kama hujaenda, mate ya mbwa kwake ni jambo la twahara, alilazimika kurudi kujitwaharisha kabla ya swala, na geti lenu liwekewe komeo la juu. Kandambili zipandisheni juu, na akiwa nayo mdomoni msimkimbize wala msimvute, mpe kipande cha ini aiachie mwenyewe, hapo pia unamfundisha kwamba kuachia kuna faida.

Hilo la maharage nikuondolee kinyongo. Mtafiti mmoja wa New York, Alexandra Horowitz, mwaka 2009 alijaribu hili, akakuta ule uso wa "nimekosa" mbwa anauweka akifokewa, awe amekosa awe hajakosa. Masikio kulala na macho chini ni kuogopa sauti zenu. Yale maharage alikuwa ameshayasahau.

Wanao wafundishe leo, wasimkumbatie mbwa yeyote shingoni hata kama wanampenda maana kwa mbwa kukumbatiwa ni kubanwa, wasimsogelee anayekula, anayelala, wala mwenye watoto. Mbwa asiyejulikana akiwafuata wasikimbie, wasimame kama mti, mikono imeshuka, macho kwenye vidole vyao vya miguu. Wakiangushwa wajikunje kama jiwe, mikono shingoni. Wafanyishe kama mchezo uwanjani, watakuelewa haraka.

Sasa lile swali lako gumu. Kama nyumbani hakuna mtu mzima atakayeweza kusimamia haya kila siku, kama mlango wa banda utasahaulika wazi, basi Chui asibaki nyumba yenye watoto, na hilo likifika muongee na daktari wa mifugo kwa uwazi. Mkimpa mtu mwingine mwambieni alichofanya, msimfiche. Na kama daktari ataona hakuna njia basi ni sindano ya daktari, sumu ni mateso ya masaa na inaua na paka wa jirani na kuku na mtoto anayeokota. Lakini kwa nilivyosoma barua yako, huyu ni mbwa aliyeonya mara nne kabla ya kung'ata, na aling'ata mara moja akaachia. Mimi ningejaribu.

Mpe baba watoto asome hii, mwambie Mjomba anamsalimia na ule mpira wa maji urudi bustanini. Na kuna siku katika hizi wiki zinazokuja, pengine ukiwa umepunguza hatua haraka kidogo, utamsikia Chui ananguruma tena. Usikasirike na usimruhusu mtu amguse. Rudi nyuma, mwache amalize kula, halafu niandikie uniambie ulikuwa hatua ya ngapi.

Mjomba